Sare ifuate hali ya hewa na mguu wa mtoto

Elimu bila ada, iliyoanza nchini Tanzania Januari 2016, haikumwondolea mzazi gharama ya sare na viatu. Ndiyo maana kila shule zinapofunguliwa wengi hununua kiatu kikubwa kupita kiasi ili kidumu miaka miwili. Matokeo yake mtoto hujikwaa, hupata malengelenge, na kiatu huchakaa kabla mguu haujakijaza.

Tunawashauri wazazi wampeleke mtoto mwenyewe dukani, jioni, miguu ikiwa imetanuka, na waache nafasi ya upana wa kidole gumba tu mbele ya vidole. Soli iwe na meno ya kushika tope la masika. Akiba iwekwe kwenye nguo: fundi aache pindo refu la kukunjua mtoto akirefuka.

Shule nazo zina wajibu. Sweta ni lazima kwenye baridi ya Makete mwezi Julai. Kulilazimisha kwenye joto la Dar es Salaam mwezi Februari ni kumtesa mtoto na mfuko wa mzazi. Kamati za shule zikae na wazazi kabla ya muhula, zipunguze masharti ya nembo, na ziruhusu raba nyeusi na viatu vya mtumba vilivyo imara, ili kiatu kisiwe sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani.