Mdako una hesabu
Kikao cha wazazi shuleni kina ajenda zake za kudumu: michango ya uji, matokeo ya mtihani, masomo ya ziada ya Jumamosi. Uwanja hutajwa pale tu unapotakiwa kumegwa. Haki ya mtoto kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, lakini mtoto akionekana anacheza bado huulizwa kama hana kazi ya kufanya. Mtazame basi binti wa darasa la pili kwenye mdako: anarusha jiwe juu, anazoa vijiwe shimoni, analidaka lile la juu, mrusho wa pili anavirudisha vyote ila kimoja. Hapo kuna kutoa, kukadiria muda na wepesi wa mkono. Kwenye rede, anayejaza mchanga chupani huku akikwepa mpira hujifunza kuamua haraka, na ubishi wa nani kapigwa humalizwa na wachezaji wenyewe bila mwalimu wa zamu (ubishi huo, kwa kweli, ndio nusu ya mchezo). Mzazi asiye na fedha ya mchango anayo michezo hii kichwani. Shule ingemwita Ijumaa mchana aje aicheze na watoto, na bibi wa mtaani awekewe kiti uwanjani. Kwa sasa wazazi wengi huitwa kwa deni au utovu wa nidhamu tu, ndiyo maana barua ya mwalimu mkuu ikifika nyumbani, kabla haijafunguliwa, mtoto ameshaulizwa: umefanya nini tena?