Si Kila Homa ya Mpanda ni Malaria

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha katika Mkoa wa Katavi ameipokea barua ya mzazi isemayo kwamba mtoto ana homa na anaombewa ruhusa ya siku mbili tatu. Masika yanapokolea na mabonde ya mpunga yanapojaa maji, barua za namna hiyo huja kwa wingi, na aghalabu sababu yake ni malaria. Mtoto hupimwa katika zahanati, hupewa dawa mseto, na baada ya siku 3 huwa amekwisha kupata nafuu. Hapo hapana cha kubishania. Makala haya yanahusu homa ya namna nyingine: ile inayopimwa malaria ikakosekana, ikatibiwa kama malaria vivyo hivyo, kisha ikarudi baada ya wiki chache pamoja na maumivu ya viungo na uchovu usioelezeka.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye homa ya namna hiyo. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwenye akili nyepesi, ambaye katika muhula mmoja alianza kuchelewa mstarini, kukwepa kazi za shamba, na kulalamika kwamba vidole vyake havikunjiki asubuhi. Jua la saa nne lilimtoa vipele mashavuni. Katika taarifa yake ya maendeleo niliandika kwa mkono wangu kwamba ana uwezo lakini ni mvivu. Mama yake alikuja shuleni akaniambia, "Mwalimu, mwanangu hakuzaliwa mvivu." Nilimsikiliza kwa adabu, na taarifa sikuibadili. Jina la ugonjwa wake lilikuja kupatikana miaka 2 baadaye, mbali na Katavi, wakati figo zake zimekwisha kuharibika. Ugonjwa huo ni lupusi.

Mwanafunzi wa baiolojia ataelewa upesi jinsi unavyotenda kazi. Mwili una ulinzi wake: chembechembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye kazi ya kushikamana na vijidudu vigeni ili viangamizwe. Katika lupusi ulinzi huo hupoteza uwezo wa kupambanua kati ya mwenyeji na mgeni. Hutengeneza kingamwili zinazoshambulia viini vya chembe hai za mwili wenyewe. Kingamwili hizo hufungamana na mabaki ya viini, zikasafiri katika damu na kunasa penye mishipa myembamba: katika ngozi, katika viungo, katika utando wa moyo na mapafu, na hasa katika vichujio vya figo. Ndiyo sababu ugonjwa mmoja huweza kujitokeza kwa sura kumi. Hauambukizi kwa kugusana, kwa chakula, wala kwa kujamiiana. Kati ya kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi wao huanza kuugua kati ya umri wa miaka 15 na 45, yaani tangu wangali madarasani hadi wanapolea. (Neno lenyewe ni la Kilatini, nalo ni jina la mnyama wa Ulaya afananaye na mbwa mwitu, matabibu wa kale waliona vidonda vya uso kana kwamba vimeng'atwa. Jina hilo halimsaidii mgonjwa hata kidogo.)

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba lupusi ni ugonjwa wa nadra sana katika Afrika ya kitropiki. Kauli hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan nchini Nigeria, alichunguza kumbukumbu za makumi ya maelfu ya wagonjwa waliolazwa hospitalini na kuona kwamba magonjwa ya mwili kujishambulia yalikuwa machache mno. Alijiuliza kama malaria ya mara kwa mara haiushughulishi ulinzi wa mwili hata ukakosa nafasi ya kumgeukia mwenyeji wake. Mwaka 1970 yeye na wenzake walitangaza kwamba panya wa aina inayozaliwa na maradhi yanayofanana na lupusi hupata ahueni wakiambukizwa vimelea vya malaria vya panya. Hilo ni jaribio zuri, na mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi swali la wodini linavyopelekwa maabara hatapata mfano bora kuliko huo.

Lakini panya wa maabara ana faida moja ambayo msichana wa Mpanda hana: kila panya hupimwa. Hospitalini huhesabiwa yule tu aliyefika, akachunguzwa na mtu anayeujua ugonjwa, akapimwa damu kwa kipimo ambacho zahanati haina. Huko Marekani, ambako wagonjwa huhesabiwa kwa uangalifu, imeonekana kwamba wanawake wenye asili ya Afrika hupata lupusi mara 2 hadi 3 zaidi ya wanawake wenye asili ya Ulaya, na hupata ile iliyo kali zaidi, inayowahi kushika figo. Yawezekana malaria inapunguza idadi ya wagonjwa wetu kwa kiasi fulani. Yawezekana pia kwamba wagonjwa wetu wamezikwa chini ya majina mengine: malaria sugu, baridi yabisi, ugonjwa wa figo, kurogwa. Maelezo haya mawili hayapingani. Ninachokataa ni kulitumia lile la kwanza kama ruhusa ya kutolitafuta la pili.

Hata vitabu vimechangia kutuficha. Alama iliyo maarufu kuliko zote ni wekundu unaotanda mashavuni na juu ya pua kwa umbo la kipepeo. Picha za alama hiyo kwa muda mrefu zilipigwa kwenye nyuso nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kama wekundu. Huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, au mabaka yaliyopauka yenye kingo nyeusi. Tabibu aliyefundishwa kutafuta uso mwekundu atautazama ugonjwa ana kwa ana na kuupita.

Historia ya dawa yake nayo ni ya ajabu kidogo kwetu sisi tuliokulia penye malaria. Kwinini ilijaribiwa kwa lupusi ya ngozi mwaka 1894. Mwaka 1951 ilitangazwa kwamba mepakrini, dawa nyingine ya malaria, huwapa nafuu wagonjwa wa lupusi. Kisha ikafuata klorokwini, na baadaye ndugu yake aliye mpole zaidi, hidroksiklorokwini, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba hapa Tanzania hadi mwaka 2001, ilipoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Kwa malaria uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ila kidonge kilichokuwa kikipatikana katika kila duka la dawa kilitoweka, na yule ndugu yake leo hutafutwa mijini kwa bei ambayo mkulima wa tumbaku hawezi kuilipa kila mwezi kwa maisha yote. Mwaka 2020 walimwengu waliigombania hidroksiklorokwini wakidhani inatibu UVIKO-19, wagonjwa wa lupusi katika nchi nyingi wakaikosa. Kufikia mwezi Juni mwaka huohuo majaribio makubwa yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba haikuwasaidia waliolazwa kwa UVIKO-19.

Sasa tuitazame Katavi yenyewe. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Rukwa, na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wake kuwa zaidi ya 1,150,000. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Mpanda mjini. Mgonjwa anayehitaji mtaalamu zaidi ya hapo huelekezwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga, au hushika njia ya Tabora kuendelea Mwanza au Dodoma. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa wakati wa ukoloni ili kuchukua madini ya risasi. Haikupangwa kwa ajili ya mama anayekwenda kupimwa damu mara moja kila baada ya miezi 3. Na lupusi inadai safari za namna hiyo: kupima mkojo, kupima damu, kupunguza au kuongeza prednisoloni, kuchunguzwa macho kwa sababu hidroksiklorokwini ikitumiwa miaka mingi huweza kudhuru sehemu ya ndani ya jicho. Kwa mtu wa Dar es Salaam safari hiyo ni asubuhi moja. Kwa mtu wa Mishamo ni nauli, malazi, siku kadhaa za kilimo, na jirani wa kumwachia watoto. Tunaposema usawa katika afya, tupime kwa kilomita na siku hizo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 ni hatua kubwa, lakini bima inayolipia dawa bila kufikiria nauli itakuwa imelipa nusu.

Nasikia tabibu wa zahanati akiniuliza: mimi nina upungufu wa watumishi, nina wazazi wanaojifungua usiku kwa taa ya simu, nishughulike na ugonjwa wa wachache? Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba simwombi mashine. Namwomba mashaka, na kijikaratasi kimoja.

Kijikaratasi hicho ni ule ukanda mwembamba unaochovywa katika mkojo na kubadilika rangi. Figo nzima haipitishi protini nyingi; figo inayoshambuliwa huipitisha, na rangi hubadilika wiki au miezi kabla mgonjwa hajavimba miguu. Ukanda huo ni sehemu ya vipimo vya kliniki ya wajawazito, ambako hutumika kutafuta dalili za kifafa cha mimba. Na hapa ndipo penye hatari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, idadi iliyoizidi mikoa yote. Umri huo ndio lupusi inapoanza. Mjamzito mwenye lupusi iliyoshika figo atakuwa na protini katika mkojo na shinikizo la damu, sawasawa na mwenye dalili za kifafa cha mimba, naye ataandikiwa hivyo. Ikiwa protini imeonekana kabla ya wiki ya 20, au ikiendelea miezi 3 baada ya kujifungua, muuguzi ana sababu ya kuuliza juu ya viungo, nywele zinazokatika na vipele vya juani. Mwingine huonewa na kipimo cha kaswende cha aina ya zamani, ambacho lupusi huweza kukidanganya kionyeshe ugonjwa usiokuwapo. Na ndoa ngapi zimevunjika kwa karatasi kama hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Kuhusu kusaidiana, tuna uzoefu wetu wenyewe wa kujifunzia. Wagonjwa wa VVU walianza kuishi vema pale dawa zilipofika, lakini pia pale walipoketi pamoja, wakakumbushana vidonge na kufuatana majumbani. Watu wenye ualbino wana chama chao tangu mwaka 1978, na huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua. Mafuta hayohayo yanamfaa mgonjwa wa lupusi, kwa maana mionzi ya jua huuamsha ugonjwa wake. Hata hivyo siamini kwamba kila wilaya ya Katavi itaweza kuwa na chama cha lupusi peke yake. Wagonjwa waliotambuliwa ni wachache na wametawanyika. Afadhali waungane na wenye kisukari, selimundu, kifafa na shinikizo la damu, wawe kundi moja la watu wanaomeza dawa kila siku ya maisha yao. Dawa zao ni tofauti, shida zao ni zilezile: nauli, duka lisilo na dawa, mume asiyeelewa, mganga anayeahidi kuliondoa tatizo kwa kuku mmoja. Kundi la watu 30 linaweza kumtuma mmoja mjini na orodha ya dawa za wote. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilianzisha mpango wao mpya mwezi Januari 2024, ndio wanaofaa kuliunganisha kundi hilo, maana wao huingia nyumba hata nyumba.

Shule nayo ina kazi yake, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo haina gharama. Mkuu wa shule anaweza kuruhusu kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu hata kama kanuni ya sare inasema vingine. Anaweza kumpa mwanafunzi wa aina hiyo kazi ya maktaba au ya jikoni wakati wenzake wako shambani, bila kumtaka aeleze ugonjwa wake mbele ya mstari. Daftari la mahudhurio likionyesha mwanafunzi amekosa kwa homa mara 3 katika muhula mmoja na vipimo vyote havikuona malaria, barua ya kumpeleka Hospitali ya Mkoa iandikwe, na ndani yake itajwe wazi: maumivu ya viungo, vipele vya juani, mkojo wenye povu. Tabibu anayepokea barua yenye maneno hayo ataanzia mbali zaidi kuliko yule anayeambiwa "homa" tu.

Nafasi ya maoni ya mwalimu katika taarifa ya maendeleo ina mistari 2. Siku hizi, kabla ya kuandika neno "mvivu" hapo, huwaomba wenzangu wamuulize kwanza mwanafunzi anaamkaje asubuhi.