Motere iliyolala haijakufa



Kuna neno linalosemwa kila mara: gari ikilala miaka, imekwisha; uza vyuma, na pistoni ziyeyushwe ziwe sufuria. Mimi sikubali. Tangu SOMINKI ilipofungwa mwaka 1997, na kisha vita vya 1998 mpaka 2003, gari iliyolala si kitu kigeni katika Maniema. Na motere ingine, mpaka ipite Kindu ifike huku Kama, bei yake si ya mchezo. Mbele ya kusema imekufa, tuipime kwanza.

Motere ya esanse inapata nguvu kwa sababu pistoni inakaza hewa na esanse ndani ya silinda. Ndiyo mafundi wanaita kompresio. Katika motere nyingi za zamani hewa inakazwa mpaka inabaki karibu sehemu 1 ya 8, ndipo buji inaiwasha. Hewa ikitoroka, motere haiwaki. Inatoroka kwa segma zinazozunguka pistoni, kwa supapa, ao kwa joenti ya kilasi. Motere ikilala katika unyevu wa pori letu, mafuta yanatelemka chini, kutu inaingia, segma zinagandamana, supapa inabaki wazi. Huko si kufa, ni kukauka.

Kosa ni haraka. Watu wanafunga kamba, wanaivuta na kamio ili iwake kwa nguvu. Segma iliyogandamana inavunjika, inakwaruza silinda. Supapa iliyokwama inagongwa na pistoni, inapinda. Hapo motere inakufa kweli, na sisi ndio tumeiua.

Njia njema ni hii. Utoe mabuji yote. Utie mafuta kidogo katika kila silinda, uache siku 2 ao 3. Kisha uizungushe kwa mkono, polepole, bila kulazimisha. Ikizunguka, umwage mafuta ya zamani, utie mapya, upime kila silinda na manometa. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko zingine, utie humo kijiko cha mafuta, upime tena. Kipimo kikipanda, ugonjwa ni segma. Kisipopanda, ni supapa ao joenti. Na mara zingine motere ikiisha kuwaka na kupata moto, segma zinajifungua zenyewe, nguvu inarudi.

Mtu atasema: ni kupoteza siku juu ya chuma cha zamani. Kweli, iko motere ambayo kutu imekula silinda. Hiyo inaomba kuchongwa upya, ao kuachwa. Lakini kipimo ndicho kiseme, si mdomo. Manometa moja ni bei ndogo kuliko motere, na watu wengi wanaweza kuitumia.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Wazee wetu wenye magari wasivute na wasiuze mbele ya kupima. Na sisi wanafunzi tuombe motere moja ya zamani kwa saa za kazi ya mikono. Mambo ya hewa inayokazwa tunayaandika ubaoni katika fizika. Tuyaone na macho yetu. Gari moja ikirudi barabarani, mgonjwa mmoja anaweza kufika Kindu mbele ya kuchelewa.