Buibui akilala chali hajafa

Waungwana, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi za gazetini zilinibana, halafu nikachukua likizo nikaenda nyumbani Mamba, kule Same milimani, kwenye tangawizi. Nimerudi Dar na kilo tano za tangawizi na hasira ambayo haijapoa. Leo naimwaga hapa.

Niwawahi kwanza wenye mzaha. Najua nikitaja kujivua gamba, nusu yenu mnakumbuka mwaka 2011, pale chama tawala kilipotutangazia kwamba kinajivua gamba na nchi nzima ikakaa kusubiri kuona nani ataanguka. Sizungumzii hilo. Nazungumzia gamba lenyewe, la mnyama mwenyewe, na kijana wa kidato cha tatu aliyeadhibiwa kwa kulichunguza.

Kijana huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, alikuwa akilima na mama kwenye shamba letu la chini, upande wa tambarare. Jembe likafumua shimo lililotandazwa utando mweupe kama soksi. Ndani kulikuwa na buibui jike, yule mkubwa wa manyoya ambaye wenzetu huko nje wanamwita tarantula, na watoto wake wengi, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Mama alifanya ambacho mama yeyote angefanya: jembe likashuka mara ya pili. Dogo akawahi kuokota watoto tisa na kuwatia kwenye kopo la dawa.

Basi bwana, akaanza kuwalea. Hakuwa na kitabu wala intaneti ya maana (simu ya mama inashika mtandao ukipanda juu ya jiwe nyuma ya jiko). Aligundua siku ya tatu kwamba wanaweza kulana, akatafuta makopo tisa, akatoboa vifuniko kwa msumari wa moto na kuweka udongo kidogo chini. Chakula kilikuwa mchwa, au paja la panzi aliyekwisha kufa. Maji tone moja ukutani mwa kopo.

Baada ya wiki kadhaa mmoja akagoma kula. Akajifungia kwenye utando, tumbo likawa jeusi linang'aa, na asubuhi moja dogo akamkuta amelala chali, miguu juu. Akadhani anakufa. Akachukua kijiti, akamgeuza.

Hapo ndipo alipomuua. Buibui hawa wakitaka kukua hulala chali. Ganda la nje haliongezeki ukubwa, kwa hiyo sharti litoke lote. Mnyama anasukuma damu yake mbele mpaka ganda la kifua linapasuka pembeni na kufunguka kama mfuniko, kisha anachomoa miguu minane taratibu kama mtu anayevua glavu zilizobana. Anavua hata meno, hata utando wa mapafu, hata ngozi ya ndani ya njia ya chakula. Akimaliza ni laini kama ugali wa moto na meno yake ni meupe. Siku hizo hawezi kumng'ata yeyote, na ukimtupia panzi mzima, panzi ndiye atakayemla yeye. Meno yakikomaa hugeuka mekundu, halafu meusi, ndipo anapoweza kula tena. Aliyepoteza mguu humwota mwingine, mfupi kwanza, na kila gamba linalofuata unarefuka.

Yote hayo dogo aliyaona kwa macho yake. Baada ya kifo cha yule wa kwanza alinunua kaunta buku, akawapa wengine namba, akaanza kuandika. "Namba 4 amekataa mchwa." "Namba 4 bado." "Namba 4 chali saa 12 asubuhi, nimeondoka bila kugusa." Kila gamba lililotoka alilibandika kwa gundi kwenye ukurasa, tarehe pembeni. Wa pili alikufa akiwa amekwama miguu miwili ndani ya ganda. Dogo akaandika kwamba kopo lile lilikuwa kavu, akaongeza maji kwa waliobaki. Hakufa mwingine. Nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao hawawezi kuandika ripoti ya namna hiyo. Mimi nikiwemo, siku nyingine.

Halafu akafanya kosa. Alikwenda na kaunta buku na kopo moja shuleni, amwonyeshe mwalimu.

Sitaitaja shule wala mwalimu. Nasema tu kilichotokea. Kopo lilimwagwa uwanjani na buibui akakanyagwa mbele ya darasa. Kaunta buku likaenda kwenye shimo la taka likachomwa na takataka nyingine. Dogo akapata viboko, na mama akaitwa kuulizwa nyumbani kwake mtoto anafundishwa nini usiku. Kijijini neno "uchawi" halihitaji nauli. Kufikia jioni jirani mmoja, ambaye ng'ombe wake alikuwa anakohoa, alikuwa amekwishapata jibu.

Na hili ndilo linaloniudhi zaidi: darasa hilohilo, somo la baiolojia, wanakaririshwa kwamba buibui ni Arachnida, miguu minane, mwili sehemu mbili. Wanachora ubaoni. Wanafaulu au wanafeli kwa mchoro. Akiingia mtoto na Arachnida wa kweli mkononi, anatandikwa! Hivi jamani tunafundisha nini?

Wakati sisi tunachoma madaftari, wenzetu wanaandika. Nenda kwenye mtandao utafute Pterinochilus murinus. Ni wa kwetu Afrika Mashariki na kusini zaidi, na aliyempa jina hilo mwaka 1897 ni Mwingereza Pocock. Yule wa rangi ya chungwa wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamwita kwa jina la Usambara, milima unayoiona ukisimama Pare na kutazama kusini mashariki. Vijana wa huko, wa umri wa dogo, wanamfuga kizazi kwa kizazi, wanajua baada ya siku ngapi atavua, wanalitanua gamba kwenye maji kutazama kama ni jike au dume. Jike huishi miaka mingi. Dume akishavua gamba lake la mwisho amebakiza miezi. Wanajua. Sisi tunajua kandambili.

Na si mara ya kwanza jina Usambara kusafiri bila sisi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Tanga. Leo limekaa kwenye madirisha ya nusu ya Ulaya, Wajerumani wenyewe wanaliita Usambaraveilchen, na mtu wa Lushoto akitaka kuliona likiwa limetunzwa vizuri labda apande ndege.

Mtaniambia: unataka watu wakakamate buibui wauze? Hapana, na mnisome vizuri hapo. Biashara ya kukamata ndiyo kazi pekee tuliyowahi kupewa katika mambo haya. Kijana wa kijijini anachimba, analipwa hela ya soda, dalali anapata yake, na mnyama anakufa njiani au anauzwa mbali kwa bei ambayo mchimbaji hataamini. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje kwa miaka mitatu, baada ya tumbili kukamatwa uwanja wa KIA. Juni 2022 ikatangazwa kwamba waliobaki na wanyama mazizini wangeruhusiwa kuwatoa, watu wakapiga kelele, tangazo likasitishwa. Nilikuwa upande wa kelele. Jirani zetu Kenya nao, Mei 2025, mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja vijana wawili wa Kibelgiji waliokutwa na sisimizi wapatao elfu tano kwenye vichupa vyenye pamba. Sisimizi! Mkidhani buibui hana soko, fikirini tena.

Lakini marufuku inafunga mlango wa mwizi tu, haimfundishi mwenye nyumba. Kukamata mnyamapori kunataka kibali, sawa, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 naiheshimu. Basi kibali cha shule kulea vidudu kumi darasani kiwe kitu ambacho mwalimu wa Same anaweza kukipata bila kufunga safari tatu. Maana kulea kunawezekana hapahapa. Vyura wa Kihansi, waliogunduliwa 1996, maji yao yakapunguzwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2000 mamia yao wakapelekwa Marekani, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha. Waliporudi 2010 walipokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakalelewa na Watanzania, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Vyura wadogo kuliko kidole gumba. Huko hakuna aliyesema uchawi, kwa sababu walikuja na wazungu na bajeti.

Wa hatari? Ndiyo, buibui wa kwetu hana manyoya ya kuwasha kama wale wa Amerika, ila meno yake yanauma vibaya na mbio anazo. Si wa kumpa mtoto wa chekechea ashike. Dogo hakuwahi kumshika hata mmoja. Alikuwa anatazama na kuandika, kitu ambacho hata hapa chumba cha habari tumeanza kukisahau: nilipomweleza mhariri wangu habari hii aliuliza buibui ameua nani. Nikamjibu hajaua mtu. Akasema basi si habari.

Bibi yangu, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na hajakaa darasani, alisikia habari za shuleni akaenda kuchukua makopo sita yaliyobaki, akayaweka chini ya kitanda chake. Yako huko. Dogo amenunua kaunta buku jingine kwa hela ya tangawizi na ameanza ukurasa wa kwanza upya, kwa kukumbuka. Mwezi ujao nikienda nitafuatana naye hadi kwa mkuu wa shule, na kopo moja, na nitaomba tupewe kipindi kimoja tu, dakika arobaini. Jana usiku amenitumia ujumbe kwamba Namba 7 amegoma kula siku ya nne. Nimemjibu asiguse.