Mlalamikaji Aliye Kimya

Wako wasemao kuwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, haina budi kungoja malalamiko, kwani asiyesema hana la kusaidiwa. Neno hili twalikataa.

Mwezi wa Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Haki ilitendeka, lakini ilimkuta mlalamikaji kaburini. Naye bibi kizee wa vijiji vya Shinyanga, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, huitwa mchawi kwa wekundu huo. Je, atamwandikia nani barua, ilhali wanaomtisha ni majirani zake?

Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 haikuifunga Tume mikono. Yairuhusu kuanza uchunguzi kwa hiari yake, bila ya kuletewa shtaka. Na mapendekezo yake yakipuuzwa, yaweza kwenda mahakamani. Uwezo huu haukutungwa uwe pambo la kitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi Tume na iiname hata vijijini Kahama, kabla panga halijainuliwa.

Mtu atasema fedha ni chache. Na ziwe chache! Zianze kutumika kwa wale ambao sauti zao hazifiki mjini. Tume imlindayo ajuaye kuandika tu, yamlinda yule ambaye angeweza kujitetea mwenyewe.