Harufu ya Mashine ya Pumzi Haifichwi kwa Marashi

AFYA YETU
Na Mganga Msaidizi wa Zahanati



Leo tuzungumze habari ya harufu. Siyo harufu ya choo wala ya jalala. Hizo mnazifahamu. Nazungumza juu ya harufu inayokaa ndani ya mashine ya kusaidia pumzi usingizini.

Wako wenzetu wanaorudi kutoka hospitali kubwa na mashine hii. Wengine huletewa na watoto wao walio mjini au ng'ambo. Si wengi, lakini wapo, maana umeme umefika katika vijiji vingi. Baada ya miezi michache mashine huanza kunuka. Hapo watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huificha harufu kwa marashi. Wengine huiweka mashine juu ya kabati na kulala bila hiyo.

Mimi nasema njia zote mbili ni mbaya. Harufu ni mjumbe, na wazee walisema mjumbe hauawi. Kwanza asikilizwe, ndipo tujue la kufanya.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Wako watu wanaokoroma sana usiku. Katikati ya kukoroma, pumzi hukatika. Kimya. Sekunde kumi hupita, au ishirini, au zaidi. Kisha mtu hushtuka, huvuta hewa kwa nguvu, halafu huanza kukoroma tena. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, jambo hili hutokea mara 30 au zaidi katika kila saa ya usingizi.

Sababu yake ni hii. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba kabisa. Hewa safi hupungua katika damu. Ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo ili avute pumzi. Asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba amechoka, kichwa kinamuuma, na usingizi unamchukua mkutanoni au juu ya baiskeli.

Watu wanene hupata ugonjwa huu zaidi, lakini hata wembamba wanaupata. Pombe wakati wa kulala huuzidisha. Kulala chali nako huuzidisha.

Wengine husema mgonjwa amekabwa na jinamizi. Wengine husema amerogwa. Wengi hucheka tu. Ugonjwa huu si jinamizi wala si kichekesho. Unakwenda pamoja na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Dereva mwenye ugonjwa huu huweza kusinzia na kuua abiria.

MASHINE INAFANYA NINI?

Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, nchini Australia, waliandika habari za tiba hii. Mashine huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu ndogo. Hewa hupita katika mpira mrefu wa karibu meta 2. Huingia katika barakoa iliyofungwa puani, au puani na mdomoni. Hewa hiyo huizuia njia ya koo isizibe. Mashine nyingi zina pia kibweta cha maji, ili hewa isikaushe pua na koo.

Sasa shikeni neno hili: mashine huvuta hewa ya chumbani. Haitengenezi hewa mpya. Chujio lake huzuia vumbi, lakini halizuii sumu wala harufu. Chumba kikinuka, barakoa itanuka.

HARUFU INATOKA WAPI?

Mwenye mashine anukishe kila sehemu peke yake: barakoa, mpira, kibweta, chujio, kisha chumba. Atajua mwizi yuko wapi.

Harufu ya jasho na mate hutoka katika barakoa. Uso una mafuta. Barakoa hulala juu ya uso huo usiku kucha. Isipooshwa, mafuta huchacha.

Harufu ya uvundo, kama ya nguo zilizokunjwa mbichi, hutoka katika mpira au kibweta. Maji yamelala humo. Ukungu na vijidudu vimeota.

Harufu ya moshi hutoka katika chujio na katika chumba. Labda jiko la kuni liko karibu, au kibatari, au dawa ya mbu ya kuchoma, au mtu anavuta sigara humo.

Harufu ya plastiki katika kitu kipya si ajabu. Kioshwe, kianikwe penye upepo, nayo itapungua.

Pengine mashine haina kosa. Jino lililooza au ugonjwa wa pua hunuka ndani ya barakoa. Mgonjwa aje zahanati atazamwe.

HARUFU TATU ZA HATARI

Kwanza, harufu ya kuungua. Zima mashine mara moja na uchomoe waya wa umeme. Usiiwashe tena mpaka fundi wa hospitali aitazame. Fundi wa redio wa sokoni asiifungue.

Pili, harufu kama ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, katika nyumba iliyowekwa nafaka yenye vidonge vya kufukizia. Vidonge hivyo hutoa hewa ya sumu inayoua. Toka nje upesi na uwatoe watu wote. Kimbilieni zahanati hata kama mnajiona wazima. Vidonge hivyo havitumiwi kamwe katika nyumba wanamolala watu, wawe na mashine au wasiwe nayo. Dawa ya pamba na mafuta ya taa navyo visikae chumbani.

Tatu, harufu ya dawa au ya kemikali inayoambatana na chembe nyeusi katika mpira au barakoa. Ndani ya mashine nyingine kuna sponji ya kupunguza kelele. Mwezi Juni mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mashine zake nyingi, kwa sababu sponji hiyo iliweza kumomonyoka na kuingia katika hewa ya mgonjwa. Mashine za zamani bado hupita kutoka mkono hadi mkono. Ukiletewa iliyotumika, andika jina lake na namba yake, uipeleke hospitali ikatazamwe kabla ya kulala nayo. Mashine iliyokaa na mvuta sigara nayo hushika moshi ndani, na ndani hakuoshwi.

KWA NINI MARASHI HAYAFAI?

Chukua mfano wa mama mmoja anayempenda mumewe. Mashine ya mume inanuka. Mama ananyunyiza marashi ndani ya mpira. Usiku wa kwanza mzee anafurahi. Usiku wa tatu anakohoa na koo linamwasha. Anavua barakoa na kusema mashine imemdhuru. Uvundo bado uko palepale, umevikwa nguo nzuri tu. Na yale marashi anayasukumiwa mapafuni kwa saa saba au nane.

Udi, ubani, spiriti, jiki na dawa kali za kuulia vijidudu ni hivyohivyo. Hubaki katika plastiki, na mvuke wake huumiza mapafu. Huko ng'ambo kuna vifaa vinavyouzwa kwamba husafisha mashine kwa hewa ya ozoni. Mwaka 2020 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo juu ya vifaa hivyo, maana ozoni huweza kuumiza mapafu. Mtoto akikuletea kimoja, mshukuru kwa moyo wake, lakini usikitumie.

Dawa ya harufu hii ni maji safi, sabuni laini, na kukausha.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kabla ya yote, zima mashine na uchomoe waya. Kisha fuata hatua hizi.

1. Kila asubuhi mwaga maji yote ya kibweta. Usiongeze maji mapya juu ya maji ya jana. Acha kibweta wazi kikauke.

2. Kila siku osha sehemu ya barakoa inayogusa uso. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo isiyo na manukato makali. Usitumie sabuni ya unga. Mgonjwa naye anawe uso kabla ya kulala.

3. Kila juma osha mpira, kibweta na mikanda ya barakoa. Tia maji ya sabuni ndani ya mpira, ziba ncha mbili kwa mikono, tikisa, mwaga. Rudia.

4. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki nayo hunuka.

5. Tundika mpira juu ya kamba kivulini, ncha zote mbili zitazame chini. Usiuanike juani, maana jua kali huharibu plastiki. Usiuchemshe.

6. Mashine yenyewe isitumbukizwe majini. Ipanguse nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

7. Tazama chujio kila juma. Lile jeupe kama karatasi halioshwi. Likichafuka hutupwa na kuwekwa jipya. Lile la sponji huoshwa, husuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa.

8. Mchana, vitu vikiisha kukauka, funika kwa kitambaa safi ili mende na vumbi visiingie. Usiku mashine ikifanya kazi isifunikwe. Iweke juu ya meza, mbali na sakafu ya vumbi.

Uvundo usipotoka baada ya kuosha mara mbili au tatu, mpira huo umechoka. Omba mwingine. Usigombane na kitu cha kubadilishwa.

MAJI YA KIBWETA

Watengenezaji hutaka maji yasiyo na chumvi wala madini. Kijijini maji hayo ni shida. Wengine wamesikia kwamba maji ya betri ni ya namna hiyo, wakaenda dukani kuyanunua. Hiyo ni hatari kubwa. Chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri huweza kufanana. Asidi huunguza. Msifanye hivyo.

Kama hakuna maji yaliyoagizwa, tumia maji yaliyochemshwa yakatokota, yakapoa, yakafunikwa. Yatakufanya usivute vijidudu. Yataacha ukoko mweupe kwa sababu ya madini. Ukoko huo hutoka kwa siki kidogo katika maji mengi, kisha suuza sana. Mashine nyingi huweza kufanya kazi hata kibweta kikiwa kitupu. Muulize aliyekupa yako.

NENO LANGU KWA HOSPITALI NA KWA JAMAA

Sasa niseme lile linaloniudhi. Mgonjwa hukabidhiwa mashine na kuelezwa kwa dakika chache. Kisha hupewa kitabu cha Kiingereza. Anafika nyumbani, na anayeosha vyombo vya nyumba ni mkewe au binti yake, ambaye hakuelezwa kitu. Baada ya miezi mitatu tunasema mgonjwa ni mkaidi, ameacha tiba. Mimi sikubali. Mtu hawezi kutunza kitu asichofundishwa.

Kwa hiyo nasema, anayetoa mashine atoe na maelezo kwa Kiswahili, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mgonjwa aende na mtu wa nyumbani mwake. Wote wawili waioshe barakoa na mpira mbele ya mwuguzi kabla ya kuondoka. Na sisi wa zahanati tujifunze, ili mtu asisafiri siku nzima kwa sababu ya uvundo. Chupa ya maji ya mashine ya oksijeni katika vituo vyetu nayo inataka usafi wa namna hiyohiyo.

Wapo watakaosema mashine hizi ni mambo ya watu wachache, gazeti la vijijini lishughulike na malaria na kuhara. Malaria na kuhara tutaendelea kuvizungumza. Lakini mzee anayekatika pumzi usiku naye ni mwananchi. Na uchache wa wagonjwa ndio unaowafanya waone haya. Mtu huona haya kusema anakoroma, na huona haya zaidi kusema mashine yake inanuka. Haya hiyo humrudisha kulala bila pumzi.

Nanyi mliojifunza kusoma na kuandika, hapa pana kazi ya kalamu yenu. Chukueni daftari. Andikeni tarehe ya kuosha mpira, tarehe ya kubadili chujio, na harufu yoyote mpya mliyoisikia. Siku ya kwenda kliniki lipelekeni. Daktari atajua mengi kutoka katika ukurasa mmoja.

Na kama nyumbani kwenu yuko mtu anayekoroma na kukatika pumzi, msimcheke. Mleteni zahanati, tumwandikie barua ya kwenda hospitali.