Usinunue majibu ya LSAT, jifunze kusoma hoja

Ukipata ujumbe kwenye WhatsApp unaosema "maswali yenyewe yako hapa, 170 uhakika, tuma nusu tuanze", bloku hiyo namba kabla hujamaliza kuusoma. Naongea na wewe uliyemaliza digrii, unayeota kusomea sheria Marekani au Canada, na umeanza kuulizia watu jinsi mtihani wa LSAT unavyofanywa. Hapo nje kuna watu wengi wanaokungoja na majibu. Wenye msaada ni wachache.

Mwenzangu wa keja alituma hizo pesa. Sh15,000, akiba ya miezi kadhaa. Akapewa madarasa manne ya Zoom, mawili yakikatika katikati, na PDF moja nzito ya maswali. Tulikaa na hiyo PDF wiki tatu hapa Umoja. Maswali yalikuwa ya watu saba wanaoketi kwenye viti saba: huyu hawezi kukaa kando ya yule, yule lazima atangulie huyu, sasa nani yuko kiti cha nne? Dada wa watu alikuwa anachora viboksi kwenye daftari hadi saa saba usiku.

Jioni moja akaingia tovuti ya wenyewe wanaotunga mtihani, Law School Admission Council. Akasoma kimya, kisha akanipa simu. Sehemu ile ya michezo ya mantiki, ya watu na viti, iliondolewa kwenye mtihani Agosti 2024. Alikuwa amelipa Sh15,000 kufundishwa kitu ambacho hataulizwa. Alipomuuliza mwalimu wake, jibu lilikuwa "hata hivyo inakunoa akili". Baada ya hapo simu haikushikwa tena.

Sasa utaniuliza, na wewe ni nani wa kutuelezea habari za shule za sheria? Swali fiti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na mimi pia nikachoka kuitafuta. Sina digrii, kwa hivyo hata nikipata alama zote za LSAT leo hazitanifikisha mbali. Lakini kwa miezi minne iliyofuata mimi ndiye niliyeshika saa, nikasahihisha, nikabishana naye juu ya kila swali alilokosa. Niliyoyaona kwenye ile meza yetu ya plastiki yamenifanya niandike hapa.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Hapa kwetu mtu anatoka kidato cha nne na C+ ya KCSE, na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili, anaomba kuingia LLB moja kwa moja. Marekani haiko hivyo. Kule unamaliza digrii ya kitu chochote kwanza, iwe uhandisi, iwe fasihi, ndipo unaomba nafasi ya JD, ambayo huchukua miaka mitatu ukisoma muda wote. LSAT ndio mtihani wa kuomba nafasi hiyo, na umekuwepo tangu 1948. Siku hizi vyuo vingi hukubali GRE pia. Na kama tayari una LLB ya hapa na unatafuta LLM, kwa kawaida hawakuitishi LSAT. Soma masharti ya chuo chako kabla ya kulipia mtihani usiouhitaji.

Mtihani wenyewe una sehemu nne, kila moja dakika 35. Mbili ni za kupima hoja na moja ni ya ufahamu. Hizo tatu ndizo zinazohesabiwa. Ya nne ni ya majaribio ya watungaji, haina alama, lakini hutaambiwa ni ipi, kwa hivyo unazikazia zote. Kuna pia insha ya kutetea msimamo, ambayo hufanywa kando. Haipewi alama ila vyuo huisoma. Alama huanzia 120 hadi 180.

Umeona kitu gani hakipo? Sheria. Hakuna kifungu, hakuna kesi, hakuna Kilatini. Mtihani wa kuingia shule ya sheria haukuulizi sheria hata kidogo. Unataka kujua kama unaweza kusoma kitu kigumu na kuona mahali hoja inapovuja.

Na hapo ndipo sisi tunapoanguka, kwa sababu tumelelewa vingine. Tangu darasa la nne tunafundishwa "maswali yanayotarajiwa". Tunajua mwongozo wa usahihishaji kuliko tunavyojua somo. Kule sekondari tulikariri hata insha. Ndiyo maana jamaa wa WhatsApp anapata wateja: anatuuzia kitu ambacho shule ilitufundisha kukitafuta.

Wacha nikuonyeshe kwa mfano nilioutunga mwenyewe, wa mtaani, lakini kwa mtindo wa LSAT.

"Tangu taa ya mulika mwizi iwekwe kwenye steji yetu, visa vya kunyang'anywa simu hapo vimepungua. Kwa hivyo taa hiyo ndiyo iliyopunguza wizi." Ni jibu lipi linalodhoofisha hoja hii zaidi?

A. Taa hiyo iligharimu pesa nyingi kuliko ilivyopangwa.
B. Bado kuna abiria wanaonyang'anywa simu kwenye steji hiyo.
C. Wiki ambayo taa iliwekwa, matatu nyingi zilihamishiwa steji nyingine.
D. Mitaa mingi ya jirani haina taa kama hiyo.
E. Wakazi hawakuulizwa maoni kabla ya taa kuwekwa.

Mwenzangu alichagua B, na mimi ningechagua B pia. Inaonekana kama inapinga: si umesema wizi umepungua, mbona watu bado wanaibiwa? Lakini rudi usome. Hoja haikusema wizi umeisha, imesema umepungua. B inaweza kuwa kweli na hoja ibaki imesimama. Jibu ni C. Kama matatu zilihama, abiria walihama nazo, na simu za kunyang'anywa zikapungua hata kama ile taa haiwaki. Hoja ilichukua vitu viwili vilivyotokea pamoja ikasema kimoja kimeleta kingine.

Hebu fikiria unaletewa maswali kama 25 ya namna hiyo kwa dakika 35. Ni chini ya dakika moja na nusu kwa kila moja. Huwezi kukariri jibu lake popote, kwa sababu kesho si taa tena, ni mbolea, ni samaki, ni rais wa karne ya 19. Lakini lile kosa la C utalikuta tena na tena. Ukishalijua hilo kosa, ndio umejiandaa.

Basi sikia tulivyofanya baada ya kufuta ile PDF.

Kwanza alijipima. LawHub, ambayo ni ya wenyewe Law School Admission Council, hukupa mitihani kadhaa ya zamani bure ukifungua akaunti. Ukitaka ile maktaba yote ndipo unalipa, zaidi ya dola 100 kwa mwaka. Alifanya mmoja mzima bila kusoma chochote, akapata 143. Alilia kidogo. Lakini ile namba ilikuwa ya kwanza ya kweli aliyoipata tangu aanze, na hakuilipia.

Pili, tuliweka saa kando. Wiki sita za kwanza alifanya maswali polepole, hata dakika tano kwa moja. Ukianza na mbio kabla ya kujua njia, utakachozoea ni kukosea haraka.

Tatu, na hapa ndipo pana kazi, alifungua daftari la makosa. Si la kuandika "jibu ni C". Kila kosa lilipata mistari mitatu: nilichagua nini, ni nini kilichonivutia, na ni neno gani nililolipita. Baada ya mwezi daftari likaanza kumsema. Karibu nusu ya makosa yake yalikuwa ya aina mbili tu: kuchanganya "baadhi" na "wengi", na kuchagua jibu ambalo ni kweli lakini halijibu swali. Hakuna mwalimu wa Zoom mwenye wanafunzi mia ambaye angemwambia hivyo.

Nne, kabla ya kuangalia majibu alirudia maswali aliyoyatilia shaka, safari hii bila saa. Ukilipata swali ukiwa na muda, tatizo lako ni kasi. Ukilikosa tena, tatizo ni kuelewa. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake ni tofauti.

Kwenye ufahamu, kila aya ikiisha alikuwa anasimama na kuniambia kwa Kiswahili, tena kile cha mtaani, mwandishi anataka nini. "Huyu anasema wenzake wamekosea kuhusu hawa nyuki." Akishindwa kusema kwa sentensi moja, hajaelewa, hata kama amesoma kila neno. Ni kama ile Karatasi ya Pili ya KCSE Kiswahili, ila hapa hupati alama kwa kunakili mstari kutoka kwenye kifungu.

Mwisho, wiki sita za kuelekea mtihani, kila Jumamosi alifanya mtihani mzima kwa saa halisi. Kwetu spika za kanisa na matatu hazituachi, kwa hivyo tulihamia maktaba ya KNLS Buruburu. Na alijifunza kutoacha swali hata moja wazi. LSAT haikati alama kwa jibu baya, kwa hivyo nafasi uliyoiacha wazi ni alama uliyoikataa.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu hapa wengi huumia. Kujisajili kwa mtihani pekee ni zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya Sh25,000. Huduma ya kukusanya vyeti vyako na kuvituma vyuoni nayo inazidi dola 200, na kila chuo unachoomba kina ripoti yake ya kulipiwa. Vyuo vingi vya sheria vya Marekani vinatoza karo inayopita dola 50,000 kwa mwaka, kabla hujala wala kulala. Mtoto wa Umoja haingii huko bila ufadhili, na alama za LSAT ni moja ya vitu vinavyoamua nani apewe huo ufadhili. Ndiyo maana nakasirika na huyo jamaa wa PDF. Hakuchukua Sh15,000 tu. Alichukua wiki tatu ambazo zingeongeza alama.

Usijiambie utarudia tu hadi uingie. Kuna kikomo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zako bado zinatumwa vyuoni, na mara saba kwa maisha yako yote.

Na kuna wewe msomaji ambaye utaombwa upande ule mwingine. Nairobi tunajuana. Wengi wetu tumelipa rent kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao. Siku moja mtu atakuambia umfanyie LSAT, au utashawishika umtafute wa kukufanyia wewe. Kataa. Mtihani unafanywa kwa kitambulisho na chini ya uangalizi, na ukishikwa, habari hiyo huambatana na faili lako hadi vyuoni. Kisha wakili Marekani huchunguzwa tabia kabla ya kuapishwa. Unataka kuanza kazi ya kutetea haki ukiwa na hilo mgongoni?

Najua kuna atakayesema ni rahisi kwangu kuhubiri, watu wana haraka na coaching nzuri ipo. Ndiyo, walimu wazuri wapo, na kama una pesa, mlipe mmoja. Lakini muulize maswali mawili kabla ya kutuma hata bob moja: mtihani wa sasa una sehemu ngapi, na atakusaidiaje na makosa yako mwenyewe? Akikuahidi namba kabla hajaona hata swali moja ulilokosa, ondoka.

Mwenzangu alipata 157. Si ile 170 ya WhatsApp. Ametuma maombi, majibu bado, na huenda ufadhili ukakosekana abaki hapa hapa na mimi tukilipa stima nusu kwa nusu. Lakini kutoka 143 hadi 157 ni safari aliyoitembea mwenyewe, na anajua kila hatua aliwekaje mguu.

Mimi je? Usiku mmoja nikisahihisha niliona swali langu mwenyewe. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiambia: "Sikumaliza chuo, kwa hivyo mimi si mtu wa vitabu." Nikaiandika kwenye daftari lake kama hoja, nikaitafutia kosa. Sikumaliza kwa sababu ya karo. Hiyo inasema kitu kuhusu mfuko wangu. Kuhusu kichwa changu haisemi lolote. Hitimisho halitoki kwenye ushahidi, na nimeishi ndani yake muda huo wote.

Kwa hivyo leo jioni, fungua akaunti ya bure, fanya sehemu moja, usiangalie saa. Chukua kosa la kwanza uandike ile mistari mitatu. Na ile namba ya "170 uhakika", kama bado iko kwenye simu yako, unajua cha kufanya.